Siku Zilizosongwa na Siku ya Shukrani

Sikukuu kubwa hukua kwa kuzimeza siku ndogo zilizo jirani nayo, kama mto mkubwa unavyokunywa vijito, hata mwisho wake watu wakalijua jina la mto tu. Jambo hili laonekana wazi katika kalenda ya Marekani, katika mwezi wa Novemba, majani ya miti yanapokwisha kupukutika na baridi kuanza kuuma. Alhamisi ya nne ya mwezi huo ni Siku ya Shukrani. Ofisi na shule hufungwa, watu husafiri mamia ya maili kurejea kwa wazazi wao, na mezani huwekwa bata mzinga wa kuokwa, viazi na mikate ya maboga. Kisa chake kimesimuliwa mara nyingi: walowezi wa Kiingereza walifika pwani ngeni, wakakaribia kufa kwa njaa, wenyeji wakawafundisha kulima mahindi, mavuno yakapatikana, na wote wakaketi pamoja wakala. Habari isimuliwayo kwa nadra ni ile ya siku nyingine zilizoota kandokando ya Alhamisi hiyo. Baadhi yake zimekufa, na nyingine zimekataa kufa. Katika siku hizo ndogo zimo kumbukumbu ambazo sikukuu kubwa haikuweza kuzibeba, ama haikutaka.

Yafaa kwanza ijulikane kwamba sikukuu yenyewe haikuzaliwa siku moja. Karamu ya Plymouth, katika nchi iitwayo sasa Massachusetts, ilifanyika mwaka 1621, baina ya mwisho wa Septemba na mwanzo wa Novemba. Ushahidi wake mkubwa ni barua ya Edward Winslow ya tarehe 11 Desemba mwaka huo, nayo yatoa maneno machache tu juu ya jambo hili: kwamba baada ya mavuno watu wanne walitumwa kuwinda ndege, kwamba Massasoit, mkuu wa Wawampanoag, alifika na watu wapatao tisini, kwamba walikula kwa muda wa siku tatu, na wageni hao wakaleta kulungu watano. Winslow hakuiita karamu hiyo Siku ya Shukrani. Kwa walowezi wale, waliokuwa wakali wa dini, siku ya shukrani ilikuwa siku ya ibada, na ndugu yake ilikuwa siku ya kufunga na kutubu. Zote mbili zilitangazwa kila sababu ilipotokea, mvua ilipokuja ama tauni ilipoondoka, bila ya kufungwa na tarehe. Karamu ilikuja kuitwa Shukrani ya kwanza mwaka 1841, wakati Alexander Young alipoichapa upya barua ya Winslow akaandika maneno hayo chini ya ukurasa. Ilipita miaka 220, basi, kabla ya karamu kupata jina ambalo sasa yadhaniwa kuwa ilizaliwa nalo.

Aliyeifanya siku hiyo kuwa ya taifa zima alikuwa mwanamke mjane, Sarah Josepha Hale, mhariri wa jarida la wanawake lililoitwa Godey's Lady's Book. Kwa miaka mingi aliandika makala, akapeleka barua kwa magavana na marais, akidai Alhamisi ya mwisho ya Novemba ishikwe na majimbo yote kwa pamoja. Wengi hawakumjali. Mwezi wa Septemba 1863 alimwandikia Abraham Lincoln, na tarehe 3 Oktoba tangazo likatoka. Nchi ilikuwa imepasuka kwa vita vya wenyewe kwa wenyewe, na miezi mitatu tu ilikuwa imepita tangu maelfu walipoangamia Gettysburg. Serikali ilihitaji meza moja ya kuwakalisha watu wake, naye Hale alikuwa ameiandaa meza hiyo zamani.

Siku ya kwanza kusongwa na Alhamisi hiyo ilikuwa Siku ya Kuhama, iliyoadhimishwa katika mji wa New York kila tarehe 25 Novemba. Waingereza waliuteka mji huo mwezi wa Septemba 1776, mwaka ule ule uhuru ulipotangazwa, wakaukalia miaka saba. Sehemu kubwa ya mji iliungua. Katika ghuba ya Wallabout, ng'ambo ya mto, palitiwa nanga merikebu kuukuu zilizogeuzwa kuwa magereza, na humo wafungwa wa Kimarekani walikufa kwa njaa na maradhi. Idadi itajwayo kwa kawaida ni zaidi ya 11,000, nayo yapita hesabu ya wale waliouawa vitani. Kwa hiyo askari wa mwisho wa Mfalme walipopanda merikebu tarehe 25 Novemba 1783, na Jenerali George Washington akaingia mjini pamoja na Gavana George Clinton, furaha ya watu haikuwa ya kuigiza.

Kabla ya kuondoka, Waingereza walifanya kejeli moja. Waliipigilia misumari bendera yao juu ya mlingoti wa ngome iliyokuwa ncha ya kusini ya mji, wakaikata kamba, wakaving'oa vipandio, kisha wakaupaka mlingoti mafuta. Walikusudia Washington aingie huku bendera ya adui ikipepea juu ya kichwa chake. Watu kadhaa walijaribu kupanda wakateleza. Ndipo baharia mmoja, John Van Arsdale, akapanda kwa vipandio vipya alivyokuwa akivigongomea njiani, akaichana ile bendera, akatundika ya nchi yake, na merikebu za Waingereza bado zaonekana baharini. Tangu hapo kila mwaka mji wa New York ulisherehekea: mizinga ililia, askari wa mji waliandamana, watu wa ukoo wa Van Arsdale walipandisha bendera, na vijana walishindana kuparamia mlingoti wenye mafuta. Kwa muda mrefu siku hii ilikuwa na uzito katika mji huo kuliko Shukrani yoyote. Hata maadui wa ndani waliikumbuka: usiku wa tarehe 25 Novemba 1864, mawakala wa majimbo ya Kusini yaliyoasi walitia moto mahoteli kadhaa ya New York, na mji uliponea chupuchupu.

Ni nini basi kilichoiua? Hakuna sheria iliyoifuta. Wazee walioyaona mambo kwa macho yao walikufa mmoja mmoja, kama ilivyo desturi ya wazee. Alhamisi ya Lincoln iliketi siku chache tu mbali nayo, na miaka mingine zikagongana siku moja, wala mji wenye shughuli haupendi kufunga maduka mara mbili katika juma moja. Mwaka 1883, ilipotimia miaka mia, palifanywa sherehe kubwa sana na sanamu ya Washington ikazinduliwa katika mtaa wa Wall Street. Lakini ilikuwa kama mgonjwa anayepata nguvu siku moja kabla ya kukata roho. Kisha Uingereza ikawa rafiki. Sherehe rasmi ya mwisho ilifanywa mwaka 1916, na mwezi wa Aprili 1917 Marekani ikaingia katika Vita Vikuu vya Kwanza upande ule ule wa Waingereza. Ni vigumu kumwalika mtu vitani huku unashangilia siku uliyomfukuza.

Boston yatoa ushahidi wa kulinganisha. Mji huo nao una Siku yake ya Kuhama, maana Waingereza waliondoka huko tarehe 17 Machi 1776, nayo ingali sikukuu rasmi katika wilaya ya Suffolk. Je, watu wa Boston wana kumbukumbu bora kuliko wa New York? La. Tarehe 17 Machi ni siku ya Mtakatifu Patrick, na Boston imejaa watu wenye asili ya Ayalandi, ambao walifurahi kupata sababu ya kiserikali ya kupumzika siku hiyo. Siku ile ya Boston ilipata jirani aliyeihitaji, ambapo ile ya New York ilipata jirani aliyeimeza. Mwanafunzi wa historia atafanya vyema kuyatazama hayo kabla hajaandika kwamba taifa limekumbuka jambo fulani kwa sababu ya ukubwa wake.

Walakini hata Siku ya Kuhama, iliyosahauliwa, ilikuwa na usahaulifu wake. Katika merikebu zilizoondoka New York mwaka ule wa 1783 walikuwamo watu weusi wapatao 3,000, wanaume kwa wanawake na watoto, waliokuwa watumwa wa Wamarekani na wakatoroka kwenda kwa Waingereza kwa ahadi ya uhuru. Mkataba wa amani ulisema mali ya Wamarekani isichukuliwe, na katika mali hiyo walihesabiwa watu. Mwezi wa Mei 1783 Washington alikutana na jemadari wa Kiingereza, Guy Carleton, akadai warudishwe. Carleton akakataa, akasema ahadi iliyokwisha kutolewa haivunjwi, ila majina yao yataandikwa ili wenyewe, wakitaka, walipwe fidia. Daftari hilo lipo hata leo. Humo mna jina la kila mtu, umri wake, sura yake kwa maneno machache yasiyo na heshima, na jina la bwana aliyemtoroka.

Mmoja wao ni Harry Washington. Alizaliwa Afrika ya Magharibi, upande wa mto Gambia, na George Washington alimnunua mwaka 1763. Alitoroka mwaka 1776, akatumika katika jeshi la Waingereza, na mwezi wa Julai 1783 akasafiri kutoka New York kwenda Nova Scotia. Huko wageni weusi walipewa ardhi mbovu, na wengine hawakupewa kabisa. Mwaka 1792 alikuwa miongoni mwa watu wapatao 1,200 waliovuka bahari kurudi Afrika, wakaujenga mji wa Freetown katika Sierra Leone. Mwaka 1800 alijiunga na wenzake waliokataa kodi ya ardhi iliyotozwa na kampuni iliyowatawala, akahukumiwa kuhamishwa. Kukataa kodi ya watawala walio mbali ndilo jambo lililompa bwana wake wa zamani sifa ya ulimwengu. Kwa watu 3,000 wale, merikebu ambazo New York ilishangilia kuziona zikiondoka ndizo zilizobeba uhuru wao. Na katika jimbo hilo la New York utumwa haukukoma mpaka mwaka 1827. Katika maandamano na mizinga ya miaka zaidi ya mia, upande huu wa habari haukuwa na siku yake.

Upande wa pili wa Shukrani, yaani baada yake, iko Siku ya Wahenga, ya tarehe 22 Desemba, nayo ni ya Plymouth yenyewe. Ilianzishwa mwaka 1769 na chama cha waungwana wa mji kilichoitwa Old Colony Club, kukumbuka kutua kwa walowezi mwaka 1620. Walikula kome na chaza, nyama ya kulungu, mikunga wa baharini, na mchanganyiko wa mahindi na maharage ambao mtu wa Afrika Mashariki angeuita kande au pure bila ya kusita, chakula kilichotokana na wenyeji wa asili. Tarehe yenyewe ina kasoro yenye kuchekesha. Walowezi walitua tarehe 11 Desemba kwa kalenda ya zamani ya Kiingereza. Waliposahihisha, waungwana wale waliongeza siku kumi na moja, tofauti ya kalenda mbili hizo katika karne yao wenyewe. Lakini katika karne ya 17 tofauti ilikuwa siku kumi tu. Siku sahihi ni tarehe 21. Kosa lilijulikana baadaye, na hata hivyo chama, kilichovunjika kwa ugomvi wa siasa kabla ya vita vya uhuru na kufufuliwa mwaka 1875, huandamana alfajiri ya tarehe 22. Desturi ikisha kuota mizizi haiogopi hesabu. Kwa muda wa karne moja siku hii ilishindana na Shukrani juu ya nani mrithi wa walowezi wale, na ilikuwa na heshima kubwa: mwaka 1820 Daniel Webster alihutubia siku hiyo, akayatumia makumbusho ya mababu kulaani biashara ya watumwa iliyokuwa bado ikifanywa kwa siri. Shukrani iliichukua habari ya walowezi ikawaachia watu wa Plymouth tarehe yao.

Siku nyingine haikuwa kando ya Shukrani bali ndani yake. Tangu mwisho wa karne ya 19, watoto wa New York, hasa wa mitaa ya maskini, walivaa matambara asubuhi ya Alhamisi hiyo, wakajipaka masizi ama kuvaa vinyago, wavulana wengine wakavaa magauni ya mama zao, wakapita nyumba kwa nyumba na kuwazuia wapita njia wakiuliza kama kuna chochote cha Shukrani. Walipewa senti, matofaa na peremende. Watu waliiita Siku ya Matambara, na Betty Smith ameielezea katika riwaya yake A Tree Grows in Brooklyn ya mwaka 1943. Wakubwa wa mji hawakuipenda. Mwaka 1930 mkuu wa shule za mji alitaka walimu wawazuie watoto wasiombe barabarani, kana kwamba ombaomba wa mwaka ule wa dhiki walifundishwa na vinyago. Duka kubwa la Macy's lilikuwa limeanza gwaride lake mwaka 1924, na mtoto aliyekuwa mchezaji akafanywa mtazamaji. Matambara na vinyago vikahamia mkesha wa Watakatifu Wote, mwisho wa Oktoba. Biashara ilizidi kuishika sikukuu: mwaka 1939 Rais Franklin Roosevelt aliisogeza mbele kwa juma moja ili watu wapate siku nyingi zaidi za kununua kabla ya Krismasi, majimbo yakagawanyika karibu nusu kwa nusu, na kwa miaka michache nchi moja ikawa na Shukrani mbili, mpaka sheria ya Desemba 1941 ilipoifunga katika Alhamisi ya nne.

Zote hizo zilikuwa habari za ushindi, chakula na mchezo. Ile iliyobaki ni ya msiba, na ili ieleweke hapana budi kurudi Plymouth tena. Mahali walipojenga walowezi palikuwa kijiji kilichoitwa Patuxet. Maradhi yaliyoletwa na merikebu za Ulaya yalikuwa yamekifagia kati ya miaka 1616 na 1619. Tisquantum, yule aliyewafundisha walowezi kupanda mahindi, alikuwa mtu wa kijiji hicho. Alitekwa mwaka 1614, akauzwa Hispania, akafika Uingereza, na aliporudi kwao mwaka 1619 hakumkuta mtu. Mashamba waliyoyasifu walowezi kwamba yalikuwa tayari yamefyekwa yalikuwa mashamba ya marehemu. Massasoit alifanya nao amani na akaishika mpaka kufa. Katika zama za mwanawe, Metacom, ardhi ilikuwa imekwisha kwenda, na vita vilizuka mwaka 1675. Mwezi wa Agosti 1676 Metacom aliuawa. Tarehe 17 ya mwezi huo Plymouth ilikuwa ikiadhimisha siku ya shukrani kwa Mungu, na siku hiyo hiyo kichwa chake kililetwa mjini, kikatundikwa juu ya mti, kikakaa hapo miaka mingi. Mwanawe, mtoto wa miaka tisa, aliuzwa utumwani. Siku hii ya shukrani, ambayo iliitwa kwa jina hilo na wenyewe waliokuwapo, haimo katika vitabu vya watoto. Ile ya mwaka 1621, ambayo haikuitwa hivyo, imo.

Mwaka 1970 serikali ya Massachusetts iliandaa karamu ya kuadhimisha miaka 350 ya kutua walowezi, ikamwalika Wamsutta Frank James, Mwampanoag, atoe hotuba. Waandalizi waliomba kuisoma kwanza. Waliisoma, wakaikataa, wakamwandikia nyingine iliyo laini. Naye akakataa kusema maneno yasiyo yake. Tarehe 26 Novemba 1970, Siku ya Shukrani, alisimama juu ya kilima cha Cole's Hill katika Plymouth pamoja na wenzake kutoka makabila mengi, na siku hiyo wakaiita Siku ya Taifa ya Maombolezo. Imefanywa kila mwaka tangu hapo, saa sita za mchana. Mwaka 1997 polisi waliwakamata watu 25 walipoandamana. Mwaka uliofuata pakawa na mapatano, na mji ukakubali kuwekwa vibao viwili vya shaba, kimoja kilimani na kingine mjini kwa ajili ya Metacom.

Mbali sana na huko, katika kisiwa cha Alcatraz mbele ya San Francisco, wenyeji wa asili hukutanika kabla ya mapambazuko ya Alhamisi hiyo hiyo, desturi iliyoanza mwaka 1975 kwa kumbukumbu ya kukikalia kisiwa hicho toka Novemba 1969 mpaka Juni 1971. Serikali nayo imewapa siku: sheria ya mwaka 2009 iliitaja Ijumaa ifuatayo Shukrani kuwa siku ya urithi wa wenyeji wa asili. Ni Ijumaa ambayo umati mkubwa wa Wamarekani huingia madukani tangu alfajiri, na hapana shaka siku nyingine zilikuwapo za kuchagua.

Cole's Hill, mahali pa maombolezo, ndipo walowezi walipowazika watu wao waliokufa katika baridi ya kwanza, karibu nusu ya watu 102 waliokuja na merikebu ya Mayflower. Mifupa iliyopatikana imewekwa katika sanduku la mawe juu ya kilima. Juu ya kilima hicho hicho imesimama sanamu ya Massasoit, iliyowekwa mwaka 1921, ikitazama bahari. Waombolezaji hukusanyika chini ya sanamu hiyo, baadhi yao wakiwa wamefunga tangu jua la Jumatano lilipokuchwa, na hotuba zikiisha hushuka mjini pamoja kula.